Namna ya kuandaa ekspoze juu ya Sonthonax, komiseri aliyefuta utumwa Saint-Domingue

Ekspoze nyingi, yaani mawasilisho ya mdomo darasani, juu ya Mapinduzi ya Ufaransa huanzia gereza la Bastille na kuishia kwenye gilotini, mashine ya kukata vichwa iliyomuua Robespierre, kiongozi wa mapinduzi, kana kwamba mambo yote yalifanyika Paris. Léger-Félicité Sonthonax anastahili kipindi chake. Tarehe 29 Agosti 1793, katika mji wa Cap-Français ng'ambo ya Atlantiki, alisaini tangazo la kufuta utumwa katika jimbo la kaskazini la koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, Haiti ya leo, miezi mitano kabla Paris haijapiga kura juu ya jambo hilo. Miongoni mwa watu walioachiwa siku ile, wengi sana walikuwa wamezaliwa katika nchi za Kongo.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa sekondari na walimu wa historia wa Lubumbashi wenye kipindi kimoja cha dakika 50, ubao, chaki na pesa kidogo ya fotokopi. Kanuni tunayoishika toka mwanzo hadi mwisho ni moja: jenga maisha yake juu ya karatasi alizosaini, na kwa kila karatasi andika ni nani alikuwa anamsukuma siku ile. Ukiacha hilo, mtu huyu atatoka kinywani mwako akiwa malaika au shetani, na darasa halitajifunza kitu.

Gawa dakika zako kabla ya kuandika neno lolote. Dakika 5 za kueleza maneno, 20 za maisha yake, 15 za kusoma tangazo lenyewe na kupiga hesabu yake, 10 za maswali. Wanaoanza na utoto wake humaliza nusu saa wakiwa bado Ufaransa. Utoto wake usemwe kwa pumzi moja: alizaliwa tarehe 7 Machi 1763 Oyonnax, mji mdogo mashariki mwa Ufaransa, mwana wa mfanyabiashara; akasoma sheria, akawa wakili Paris, akajiunga na Wajakobini, klabu ya wanamapinduzi wakali, akaandika katika magazeti ya mapinduzi dhidi ya utumwa. Basi, mpandishe meli.

Mstari wa miaka

Chukua karatasi 10 za A4, kata kila moja katikati kwa urefu. Utapata vipande 20 vyenye upana wa sentimita 10 na nusu. Unganisha vipande 8 kwa mstari wa kwanza na 11 kwa mstari wa pili, kila kipande kikilalia mwenzake kwa sentimita 1 na nusu. Kipande kinachobaki ni cha kurekebishia makosa.

Mstari wa kwanza uchore mita 2: sentimita 4 kwa kila mwaka, kutoka 1763 hadi 1813 alipofariki. Wa pili uchore mita 3: sentimita 5 kwa kila mwezi, kutoka Septemba 1792 hadi Agosti 1797. Kwa nini miwili? Kwa sababu kwenye mstari wa kwanza miaka ile mitano inakaa ndani ya sentimita 20, yaani shubiri moja ya mkono. Weka mkono wako juu yake mbele ya darasa, kisha funua ule wa mita 3. Wataelewa bila maelezo kwamba kazi yake yote ilibanwa katika shubiri ile. Kwenye mstari wa pili paka rangi miezi 21, Agosti 1794 hadi Aprili 1796, ambayo Sonthonax alikuwa Ufaransa: ni sentimita 105, zaidi ya theluthi moja ya mstari. Wengi husahau pengo hilo na kumsimulia kana kwamba hakuondoka kisiwani.

Gundi ya unga wa muhogo inatosha: vijiko viwili vya unga kwa kikombe kimoja cha maji. Koroga unga katika maji baridi kwanza, ndipo upeleke motoni. Ukiutia kwenye maji ya moto unafanya madonge, na donge chini ya karatasi hupasua maandishi. Paka nyembamba, lalisha chini ya vitabu usiku mzima. Kuanzia Novemba, mvua zinapoanza, karatasi hunyonya unyevu na viungo huachia. Bandika utepe wa plastiki upande wa nyuma wa kila kiungo.

Tarehe zinazodanganya

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kuanzia Oktoba 1793 Ufaransa ilitumia kalenda ya Jamhuri, yenye miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, na siku 5 au 6 za nyongeza mwishoni. Kwa mwaka wa 2 wa Jamhuri, miezi inaanza hivi: vendémiaire 22 Septemba 1793, brumaire 22 Oktoba, frimaire 21 Novemba, nivôse 21 Desemba, pluviôse 20 Januari 1794, ventôse 19 Februari, germinal 21 Machi, floréal 20 Aprili, prairial 20 Mei, messidor 19 Juni, thermidor 19 Julai, fructidor 18 Agosti.

Kugeuza tarehe, chukua siku ya kwanza ya mwezi, ongeza namba ya siku ukitoa moja. Pluviôse 16: 20 Januari na siku 15, unapata 4 Februari 1794, siku Bunge la Convention lilipofuta utumwa katika makoloni yote. Thermidor 9: 19 Julai na siku 8, ni 27 Julai 1794, siku Robespierre alipoanguka. Anayesahau kutoa moja huandika 5 Februari, na kosa hilo utalikuta hata katika kazi za wakubwa. Mwaka wa 3 ulikuwa na siku 366, kwa hiyo katika mwaka wa 4 ongeza siku moja kwa miezi yote kuanzia vendémiaire hadi ventôse. Kuanzia germinal, Machi 1796, unarudi kwenye orodha ya juu.

Mtego mkubwa zaidi uko katika mwaka wa 1793 wenyewe. Kabla ya kalenda mpya, watu walikuwa wameamua kwamba mwaka wa 2 wa Jamhuri umeanza tarehe 1 Januari 1793. Ndiyo maana karatasi za Agosti 1793 huandikwa mwezi wa kawaida pamoja na maneno “mwaka wa pili wa Jamhuri”. Ukizipima kwa kalenda iliyokuja baadaye, utadhani ni Agosti 1794, wakati Sonthonax hakuwa tena koloni. Ukiona jina la mwezi wa kawaida, Agosti au Juni, acha namba ya mwaka wa Jamhuri, shika 1793 iliyoandikwa.

Maneno ya kusafisha mbele ya darasa

“Komiseri” ni la kwanza. Kijana wa leo akilisikia anafikiri polisi; mzee atakumbuka makomiseri wa zone wa enzi za Zaire. Sonthonax alikuwa komiseri wa kiraia: mjumbe aliyetumwa na serikali ya Paris pamoja na Étienne Polverel na Jean-Antoine Ailhaud, akiwa na mamlaka juu ya gavana na jeshi, ili kulazimisha sheria ya 4 Aprili 1792 iliyowapa watu huru wa rangi, yaani weusi na machotara wasio watumwa, haki sawa na wazungu. Soma tena: watu huru wa rangi. Watumwa hawakuwamo katika sheria ile.

“Citoyen” nalo lina historia nyumbani. Walioishi chini ya Mobutu walilazimika kuitana hivyo badala ya monsieur. Waambie wanafunzi kwamba desturi ya kuitana hivyo ilizaliwa katika mapinduzi haya, na kwamba kule Cap-Français lilikuwa jambo la kufa na kupona: kumwita mtu mweusi citoyen kulimaanisha hauzwi.

“Saint-Domingue” ni upande wa Wafaransa, magharibi mwa kisiwa. Ndiyo Haiti ya leo. Santo Domingo ni upande wa Wahispania. Cap-Français leo ni Cap-Haïtien.

Halafu “Wakongo”. Mtu wa Kongo katika karatasi za wakati ule ni mtu aliyepakiwa kwenye pwani ya Loango, Malemba, Cabinda na mazingira yake, wengi wao kutoka eneo la ufalme wa Kongo na majirani zake. Usiwaambie watu wa Katuba au Kenya, komini za mji wetu wa Lubumbashi, kwamba hao ni babu zao wa moja kwa moja. Katanga ilikuwa mbali sana na bandari zile. Fahari ipo bila kuongeza chumvi.

Na “uhuru” je? Masikioni petu uhuru ni 30 Juni 1960. Kwa tangazo la 1793 sema “kuachiwa utumwani”, maana nchi yenyewe ilibaki koloni la Ufaransa. Uhuru wa Haiti ulikuja tarehe 1 Januari 1804.

Siku zilizombadilisha

Makomiseri walifika Septemba 1792 na askari wapatao 6,000, wakakuta vita. Tangu usiku wa 22 Agosti 1791 watumwa wa kaskazini walikuwa wameinuka na kuchoma mashamba ya miwa. Sonthonax akawahakikishia wenye mashamba kwamba hakuja kugusa utumwa. Alisema anatambua makundi mawili tu, watu huru bila kujali rangi, na watumwa. Lazima jambo hili lisemwe darasani. Mwaka mmoja kabla ya tangazo lake, mtu huyu aliyekuwa ameandika dhidi ya utumwa alitetea sheria iliyowashika watu utumwani. Ukilificha, Agosti 1793 haina maana.

Bandika kwenye mstari wa mita 3 yaliyombana: mfalme Louis XVI kuuawa tarehe 21 Januari 1793, kisha vita na Uingereza na Hispania. Wahispania walikuwa mpakani, wakiwapa waasi weusi silaha na vyeo. Toussaint Louverture mwenyewe, aliyekuja kuwa jemadari mkuu wa weusi, alikuwa upande wao. Wenye mashamba walikuwa wanawaita Waingereza. Askari wa Ufaransa walikuwa wanakufa kwa homa ya manjano.

Mei 1793 akaja gavana mpya, jemadari Galbaud, ambaye familia yake ilikuwa na mali koloni. Makomiseri wakamwondoa katikati ya Juni na kumpandisha meli. Bandarini akakuta mabaharia wenye hasira na wazungu waliokuwa wanafukuzwa; tarehe 20 Juni akashuka nao mjini kuwakamata makomiseri. Waliowatetea walikuwa watu huru wa rangi na watumwa wa mji, na hawakutosha. Makomiseri wakasukumwa hadi nje ya mji. Huko, wakiwa karibu kushindwa, wakatoa ahadi: kila mtumwa mwasi atakayepigania Jamhuri ataachiwa na kuwa raia. Vikosi vya Pierrot na Macaya, viongozi wa waasi, vikashuka kutoka milimani. Galbaud akakimbia na meli, maelfu ya wazungu wakaenda Marekani, mji ukaungua.

Kwenye ubao chora ngazi tatu. Ya kwanza, Juni: wanaachiwa wapiganaji peke yao. Ya pili, Julai: wake na watoto wa wapiganaji. Ya tatu, 29 Agosti: wote wa kaskazini. Kisha uliza darasa ni nani alikuwa anapanda, Sonthonax au wale waliokuwa na bunduki nje ya mlango wake. Acha wabishane dakika mbili. Ni dakika mbili bora za ekspoze nzima.

Macaya anastahili sentensi zake. Alikuwa mzaliwa wa Kongo. Makomiseri walipomtuma awavute waasi wengine upande wa Jamhuri, alibaki kwa hao waasi na kujibu kwamba yeye ni mtu wa wafalme watatu: mfalme wa Kongo, bwana wa weusi wote, mfalme wa Ufaransa, aliye kama baba yake, na mfalme wa Hispania, aliye kama mama yake. Kwa mtu aliyekulia katika ufalme, Jamhuri iliyomkata mfalme kichwa ilikuwa kitu cha kutiliwa shaka. Hakuwa mjinga, na tafadhali usimsome kwa sauti ya kumcheka.

Kusoma tangazo na kupiga hesabu yake

Tangazo la 29 Agosti lina vifungu 38, na lilitolewa kwa Kifaransa na kwa Kikreoli, ili waliohusika waelewe. Nanyi fanyeni vivyo hivyo: gawa vifungu vichache kwa vikundi, kila kikundi kitafsiri kimoja kwa Kiswahili cha nyumbani. Usigawe vyote 38, kipindi kitakufia mikononi.

Kifungu cha 2 kinawatangaza wote walio utumwani kuwa huru na wenye haki za raia wa Ufaransa, kisha kinaongeza kwamba watafuata utaratibu wa vifungu vinavyofuata. Hapo ndipo penye uchungu. Kifungu cha 9 kinawalazimisha kubaki kwenye mashamba ya mabwana wao wa zamani, na mkataba ni wa mwaka mmoja. Mtu wa Lubumbashi ambaye babu yake aliishi kambi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, chini ya mkataba ataelewa haraka hali ya mtu ambaye si mtumwa na hawezi kuondoka. Kifungu cha 27 kinafuta kabisa kiboko, na kuweka adhabu ya kufungwa kwenye chuma siku moja, mbili au tatu. Ukiweza kupata mchoro mmoja wa “Colonie belge”, zile picha za mfungwa akichapwa mbele ya ofisi ambazo wachoraji wa mji huu wamezichora mara nyingi mno, uning'inize karibu na kifungu hicho. Hakuna maelezo yanayoshinda picha ile.

Sasa mapato. Baada ya kodi, mapato ya shamba yaligawanywa mafungu matatu sawa: la mwenye shamba, la gharama za uendeshaji, na la wafanyakazi. Katika fungu la wafanyakazi, mwanaume wa miaka 15 na zaidi alipata sehemu moja, mwanamke theluthi mbili ya sehemu, mtoto wa miaka 10 hadi 15 nusu. Chukua shamba la kufikirika lenye mapato ya livre 9,000 (livre ni pesa ya wakati ule), wanaume 40, wanawake 30, watoto 30. Fungu la wafanyakazi ni livre 3,000. Sehemu: wanaume 40, wanawake 20, watoto 15, jumla 75. Gawa 3,000 kwa 75: kila sehemu livre 40. Mwanaume livre 40, mtoto 20, mwanamke livre 26, sou 13 na denier 4, kwa maana livre moja ni sou 20 na sou moja ni denier 12. Tumewaacha kando makapita, yaani wasimamizi wa kazi, waliopewa mafungu makubwa zaidi. Ukiwaingiza, ya wengine yatapungua.

Kosa la kawaida ni kugawa 3,000 kwa watu 100 na kupata 30 kwa kila mtu. Ukiona hivyo, darasa halijasoma kifungu. Waulize wasichana wanasema nini juu ya theluthi mbili, ilhali mwanamke alikata miwa ileile chini ya jua lilelile. Mwenye shamba mmoja, hata akiwa amelala, anapata livre 3,000, sawa na watu wote 100.

Meli na barua

Chora mishale kati ya Paris na Cap. Barua ilichukua wiki nyingi baharini, na vita viliongeza ucheleweshaji. Tarehe 16 Julai 1793 Convention iliamuru Sonthonax na Polverel washtakiwe, kwa sababu walihesabiwa kuwa watu wa Brissot, mwanasiasa mpinzani wa Robespierre, na kundi lake lilikuwa limeangushwa mwanzoni mwa Juni. Sonthonax alifuta utumwa wiki sita baadaye akiwa hajui kwamba kwao ni mshtakiwa. Wajumbe watatu wa koloni, Jean-Baptiste Belley mweusi, Mills chotara na Dufay mzungu, wakafika Paris kupitia Marekani, na tarehe 4 Februari 1794 Convention ileile ikafanya kazi yake kuwa sheria ya makoloni yote. Amri ya kumkamata haikufutwa. Ilimfikia Juni 1794, karibu miezi 11 baada ya kutolewa. Alipotua Ufaransa mwishoni mwa Julai, Robespierre alikuwa ameanguka siku chache tu. Kama meli ingekuwa na kasi zaidi, huenda ekspoze yako ingeishia kwenye gilotini kama nyingine. Uchunguzi ulichukua zaidi ya mwaka. Polverel alifariki kabla haujaisha. Sonthonax alisafishwa Oktoba 1795, akarudi koloni Mei 1796, akawagawia wafanyakazi wa mashamba bunduki.

Kutafuta karatasi zenyewe

Maktaba ya kidijitali ya Gallica ina machapisho mengi ya wakati ule, na kuyapakua ni bure. Pakua kurasa unazozihitaji, maana kitabu kizima kitakula mega zako. Kwenye kituo cha utamaduni cha Halle de l'Étoile na maktaba za chuo kikuu uliza vitabu juu ya mapinduzi ya Haiti. Ukiuliza juu ya Sonthonax peke yake utaambiwa hakuna. Ukitafuta kwa neno, kumbuka herufi ya s ndefu ya zamani, ambayo kompyuta huisoma kama f: andika “efclavage” pale “esclavage” inapokosa. Jina lake nalo limeandikwa Santhonax au Sontonax.

Kila unachosoma, andika pembeni ni nani kaandika na lini. Wenye mashamba waliokimbia walimwandika kama mchomaji wa miji. Yeye mwenyewe alijieleza akiwa mbele ya wachunguzi. Na maandiko ya baada ya Julai 1794 humtwika Robespierre mizigo ya kila mtu.

Maswali yatakayokuja

Watakuuliza kwa nini Toussaint, mtu mweusi, alimwondoa Sonthonax Agosti 1797. Jibu ni kwamba wawili walikuwa wakigombania usukani mmoja: Toussaint alikuwa na jeshi na hakutaka komiseri juu yake, na alimshtaki kwamba alipanga kuitenga koloni na Ufaransa. Usichague upande kama huna karatasi mkononi.

Watauliza kama utumwa uliisha kweli. Tarehe 20 Mei 1802 sheria ya Bonaparte iliruhusu utumwa katika makoloni ambako sheria ya 1794 haikuwa imetekelezwa, na huko Guadeloupe ukarudishwa kwa nguvu ya jeshi. Saint-Domingue ilipigana hadi ikawa Haiti. Sonthonax alifariki kwao Oyonnax Julai 1813, na makoloni ya Ufaransa yaliendelea na utumwa hadi 1848: kwenye mstari wa kwanza, ongeza sentimita 140 baada ya kifo chake, na kile kipande kimoja kilichobaki hakitatosha.